Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayezihusudu nyambizi za Japani

Mpwa wangu,

Salamu kutoka Mombasa. Mama yako hajambo, ila analalamika hupigi simu. Mimi nimekuja kwa ajili ya ile video uliyoturushia kwenye kundi la familia, na maneno yako kwamba Japani ingeshinda Vita vya Pili vya Dunia kama nyambizi za aina ya I-400, zile zilizobeba ndege, zingekamilika miaka miwili mapema. Nakujibu hadharani kwa sababu wenzio wengi wanaamini hivyo hivyo, na kule kundini ukibanwa kwa hoja unatuma vikatuni vya kucheka.

Kwanza nikupe haki yako. Zile nyambizi zilikuwa ajabu kwelikweli. Urefu mita 122, na zikizama zilihamisha maji zaidi ya tani 6,500. Hakuna nyambizi ya vita ile iliyozifikia. Mafuta yake yalitosha maili za baharini 37,500, yaani kuizunguka dunia zaidi ya mara moja na nusu bila kujaza tena. Na juu ya sitaha, ndani ya bomba la chuma la mita 30 hivi, zililala ndege tatu za mabomu aina ya Seiran.

Hizo ndege ndizo zinazonikosesha usingizi. Banda lilikuwa na kipenyo cha mita 3.5 tu, kwa hiyo kila bawa liligeuzwa likasimama wima, kisha likakunjwa nyuma likabana ubavu, kama kuku aliyefungwa kupelekwa sokoni. Hata ncha ya mkia ililazwa. Viungo muhimu vilipakwa rangi inayong'aa gizani ili mafundi waiunganishe ndege usiku bila kuwasha taa. Mafuta ya injini yalipashwa moto nyambizi ikiwa bado chini ya maji, ili ndege ikitoka nje isipoteze muda kupata joto. Zote tatu ziliweza kuandaliwa na kurushwa ndani ya takriban nusu saa. Waliobuni hayo wana akili, sibishi.

Lakini nusu saa, mpwa wangu! Nyambizi imeibuka, mlango wa banda uko wazi, watu wamejaa sitahani, na mwaka ni 1945, bahari ya Pasifiki imejaa ndege za Marekani zenye rada. Kuzama tu kulichukua karibu dakika nzima. Tena banda lilikuwa kubwa hata likawekwa kulia kidogo na mnara wa kuongozea ukasukumwa kushoto. Ikienda polepole chini ya maji, chombo kilivuta upande, na mshika usukani alilazimika kukata nyuzi 7 kulia ili tu kiende moja kwa moja. Video yako hilo haikulisema.

Sasa tuje kwenye "mapema". Wazo lilikuwa la Admirali Yamamoto, kamanda wa manowari za Japani, la kuipiga Marekani kwenye pwani zake, na mpango ulikuwa nyambizi 18. Yamamoto akauawa Aprili 1943, chuma kikawa adimu, mpango ukapunguzwa na kupunguzwa tena. Zilizokamilika ni tatu, na moja kati yake ikageuzwa kuwa ya kubebea mafuta. Marubani wakafanya mazoezi ya kubomoa malango ya Gatun kwenye Mfereji wa Panama. Kufika Juni 1945 hilo likaachwa, wakaelekezwa Ulithi, kisiwa cha Pasifiki kilichokuwa kituo cha manowari za Marekani. Njiani, tarehe 15 Agosti, Mfalme akatangaza kusalimu amri. Ndege zikatupwa baharini. Hazikudondosha bomu hata moja.

Tuseme zingewahi. Zibomoe Gatun. Meli za Marekani zingezunguka Amerika ya Kusini, zikachelewa, zikafika. Wakati huo huo nyambizi za Marekani, ndogo kuliko hizi na zisizo na ndege, zilikuwa zikiinyonga Japani: zaidi ya nusu ya tani za meli zake za biashara zilizozama zilizamishwa nazo. Japani yenyewe ilizitumia baadhi ya nyambizi zake kupeleka mchele kwa askari waliokuwa wakifa njaa visiwani.

Ukitaka kujua nyambizi ya Kijapani ilikuwa na madhara gani, huna haja ya kwenda Panama. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka hapa Kilindini kwenda Colombo, imebeba askari wetu wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi I-27 iliipiga kwa topido, bomu linalokwenda chini ya maji. Ilizama kwa dakika chache mno, na zaidi ya watu 1,200 wakafa. Siku hiyo I-27 haikuhitaji ndege wala banda. Manowari za Kiingereza zikaizamisha siku hiyo hiyo. Sijawahi kukuona ukituma video yake.

Baada ya vita Wamarekani walizichukua I-400 na I-401 hadi Hawaii, na mwaka 1946 wakazizamisha wenyewe, Warusi wasije wakazichungulia. Najua utalishika hilo kama ushahidi. Haya, lishike, kitu kinaweza kustahili kuibiwa mchoro wake na bado kisistahili chuma kilichokijenga.

Uko huko Virginia. Seiran pekee iliyobaki duniani iko Chantilly, kwenye jumba la makumbusho la Udvar-Hazy. Nenda Jumamosi, nipigie picha ya karibu pale bawa linapounganika na mwili. Na njiani mpigie mama yako.

Mjomba wako