Barua kwa mdogo wangu: njoo Edale kabla baridi haijaisha

Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma nikiwa jikoni, nikimfuta mbwa wangu Popi matope ya miguuni, na swali lako halijaniondoka tangu siku hiyo. Uliuliza kuna nini huko milimani, katika baridi ya namna hii, kinachomtoa mtu mzima kwenye blanketi lake siku ya mapumziko akaenda kuzunguka na mbwa. Nimeamua kukujibu kwa barua ya wazi kwa sababu wako wengi wa kwetu waliokuja Uingereza kuuguza wagonjwa na kutunza wazee ambao, kama wewe, wanaijua nchi hii kwa njia moja tu, ile ya kutoka chumbani kwenda kazini na kurudi, na majira ya baridi yanapofika wanajifungia ndani hadi Aprili.

Najua giza linavyokulemea. Katikati ya Januari jua huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama kama saa kumi na robo alasiri, na mwenye zamu ya mchana anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona. Mwaka wangu wa kwanza hapa Sheffield nilidhani dawa ni kulala zaidi. Popi ndiye aliyenitoa nje, kwa kuwa mbwa hajui Januari wala Julai. Asubuhi ikifika anasimama mlangoni akikutazama, na huna budi kuvaa viatu. Tukaanza na bustani ya mtaani, kisha mwenzangu mmoja wa kazini akaniambia nipande treni ya kwenda Manchester nishuke Edale, kijiji kilicho bondeni katikati ya milima.

Safari yenyewe ni kama nusu saa, na mbwa halipiwi nauli. Treni inaingia katika handaki la Totley, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 5, na unapotoka upande wa pili mji umeshatoweka: kuna malisho, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kondoo kila upande. Hii ni Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza kuanzishwa Uingereza, mwaka 1951. Usifikirie hifadhi kama Serengeti. Ndani yake watu wanaishi, wanalima, wanafuga na wanaenda kanisani, na njia za miguu zinapita katikati ya mashamba yao kwa haki inayotambuliwa na sheria.

Haki hiyo nataka uifahamu, maana mwaka jana uliniambia unaogopa kuingia katika ardhi ya Wazungu usije ukafukuzwa. Juu ya bonde la Edale kuna Kinder Scout, mahali pa juu kuliko pote katika hifadhi, mita 636. Zamani eneo hilo lilikuwa mali ya matajiri waliolitumia kuwinda ndege, na walinzi wao waliwazuia watu wa kawaida kulikanyaga. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani, walipanda kwa makusudi wakiongozwa na kijana aliyeitwa Benny Rothman. Watano walifungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa ilipatikana mwaka 1949, na ile iliyoruhusu umma kutembea kwa uhuru katika nyanda hizo ikaja mwaka 2000. Kwa hiyo ukipita langoni pale, mdogo wangu, hupiti kwa hisani ya mtu, kwani njia hizo zilidaiwa na watu waliokuwa na siku moja tu ya kupumzika kwa wiki, kama wewe.

Nitakupeleka Mam Tor, mlima wa mita 517 ambao jina lake hufasiriwa kuwa Mlima Mama. Kutoka stesheni tutavuka mashamba na kupanda hadi Hollins Cross, mahali ukingo wa milima unapoinama kati ya bonde la Edale na mji mdogo wa Castleton. Kabla Edale haijapata kanisa lake, watu wa bonde hilo walibeba majeneza ya wafu wao kupitia hapo ili wakawazike upande wa pili. Kila nikifika Hollins Cross nikiwa nahema namkumbuka bibi, na wajomba waliombeba mabegani kutoka barabarani hadi mgombani, wakipokezana kimya kimya katika utelezi. Sijawahi kumweleza mtu wa hapa jambo hilo. Wewe utalielewa ukiwa umesimama pale.

Kutoka hapo njia inafuata mgongo wa mlima hadi kileleni, na ikiwa usiku uliotangulia ulikuwa wa baridi kali usio na upepo, utaona kitu ambacho wanaokuja Julai hawakioni. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo usiku huteremka na kutulia bondeni, na ukungu unajaa humo huku juu kukiwa na jua. Asubuhi moja mwezi Desemba tulipanda ndani ya ukungu mzito hata sikuiona kamba ya Popi ilikoishia, kisha hatua kumi hivi mbele tukatokea kwenye mwanga. Chini yetu bonde lote lilikuwa limefunikwa na weupe uliotulia, na kitu pekee kilichochomoza ni bomba la kiwanda cha saruji cha Hope. Nililia, na sioni haya kukuambia. Nilikuwa nimetazama mawingu kutoka juu mara moja tu maishani, siku niliyopanda ndege kuja huku.

Sasa nikueleze habari ya mbwa, kwa kuwa najua hofu yako ilianza siku ile ulipong'atwa na mbwa wa jirani. Nyumbani mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku ili awe mkali. Kazi yake ni ulinzi, na mtoto hufundishwa kumkwepa. Popi hakulelewa hivyo, lakini hata yeye nilipaswa kumjua vizuri kabla ya kumwamini, na nilijifunza kwa uchungu. Majira ya baridi yaliyopita nilimfungua kwenye uwanda uliokuwa na umande ulioganda, nikidhani kondoo wako mbali. Walikuwa nyuma ya ukuta. Aliruka, akawakimbiza pengine kwa nusu dakika, na kwangu nusu dakika hiyo ilikuwa ndefu kuliko zamu ya usiku. Mwenye kondoo alikuja na hakunifokea. Alinieleza tu kwamba majike karibu wote walikuwa na mimba, na kwamba jike aliyekimbizwa anaweza kutupa mimba bila hata kuguswa na jino. Mimi na wewe tumechunga mbuzi wa mama. Nilielewa kabisa nilichokaribia kukifanya, na nilimwomba msamaha kwa moyo wote. Sheria inampa mfugaji, katika hali fulani, nafasi ya kumpiga risasi mbwa anayesumbua mifugo. Tangu siku hiyo Popi hafunguliwi kamba penye mifugo, hata kama kondoo ni mmoja na yuko mbali. Ng'ombe hawatatusumbua sana, maana wengi wao hukaa mabandani wakati wa baridi.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitarajia kutoka kwa mbwa. Mjini unaweza kupanda basi mwaka mzima na watu walewale bila salamu. Huko njiani, ukiwa na mbwa, watu wanasimama. Watamsalimia Popi kwanza na kuuliza jina lake kabla ya lako, na utakaposema ni jina la mbwa wengi wa kwetu watauliza kwenu ni wapi, na mazungumzo yameanza. Wapo watakaokutazama mara mbili, sitakuficha. Nimewahi kutazamwa hivyo, nikasalimia mimi mwanzo, na mara nyingi ilitosha.

Sasa maandalizi. Baridi ya mlimani inaingia kupitia unyevu, kwa hiyo suruali ya jinzi iache nyumbani. Vaa soksi za sufu, buti zenye meno, nguo nyepesi tatu badala ya koti moja zito, na juu yake koti lisilopitisha maji. Mimi nitabeba ramani ya karatasi, kwani simu hupoteza mtandao bondeni, pamoja na tochi ya kichwani, filimbi na chupa ya chai ya tangawizi. Ishara ya kuomba msaada milimani ni milio sita ya filimbi katika dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, na kurudia. Saa nane na nusu tutaanza kuteremka, hata kama kileleni bado kuna jua. Jioni tutakaa katika baa ya kijijini inayoruhusu mbwa, ambako wewe utakunywa supu na Popi atalala mbele ya moto akitoa mvuke, nasi tutalala kwenye nyumba ya wageni hadi Jumapili.

Zamu zako za Februari nimeziona. Wikendi ya pili uko huru. Treni inaondoka Sheffield asubuhi na nitakuwa jukwaani nikikusubiri. Popi atatembea kushoto kwangu, wewe utapita kulia, na kamba nitaishika mimi mpaka siku utakayoiomba mwenyewe.

Dada yako.