Pimeni fizi kabla ya kufunga waya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu, na madaktari wa meno pia, juu ya jambo nililolijua nikiwa nimeshachelewa.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba. Binti yangu ana miaka 16. Meno yake ya mbele ya chini yalikuwa yamepandana, mawili yamejibanza nyuma ya wenzake, na kila akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja. Mwaka jana nikajikusanya, nikampeleka kliniki moja Kampala, akafungwa waya ya kunyoosha meno. Kila mwezi tukawa tunadamka saa kumi alfajiri kuwahi teksi ya kwanza. Meno yakaanza kukaa mstarini na mtoto akaanza kucheka bila kiganja. Nilifurahi mno.

Mwezi wa nane, akiwa anapiga mswaki, mama yake akaona jino moja la chini limekuwa refu kuliko jirani yake. Nikamsimamisha mlangoni penye mwanga, nikavuta mdomo wa chini, nikatazama. Jino halikurefuka. Fizi ndiyo iliyoshuka, na pale ilipokuwa imefunika pakaonekana shina la jino, limeelekea umanjano, si jeupe kama sehemu ya juu. Akinywa maji baridi anashtuka. Kliniki wakasema anasugua kwa nguvu, abadilishe mswaki. Tukanunua laini. Fizi ikaendelea kushuka.

Ndipo tukaelekezwa kwa daktari wa fizi. Hakugusa waya kwanza. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama nyeusi za milimita, akakipenyeza polepole kati ya fizi na jino la chini, kisha akaniita. Kijiti kilionekana kupitia kwenye fizi, kivuli cha kijivu, kama unavyoona funguo ndani ya kavera nyepesi, ule mfuko wa plastiki. Akakihamishia kwenye jino la juu, kikapotea kabisa. "Mzee, umeona tofauti?" akaniuliza. Hazikupita dakika tano.

Akanieleza kwamba fizi isiyozidi milimita 1 huhesabiwa kuwa nyembamba, na mara nyingi mfupa ulio chini yake nao ni mwembamba. Waya ikisukuma jino, mfupa wa upande linakokwenda hulika na wa upande linakotoka hujengeka. Ndivyo jino linavyotembea. Lakini meno yaliyopandana yakinyooshwa bila kupatiwa nafasi, yale ya mbele hulala nje, kuelekea midomo. Mfupa wa huko ni ganda tu. Jino likishatokeza nje ya ganda hilo, fizi nyembamba hubaki peke yake bila mfupa wa kuishikilia. Ukoga ukijikusanya kuzunguka vile vibati vinavyogandishwa kwenye meno kushika waya, au mswaki mgumu ukipita hapo kila asubuhi, fizi hiyo hushuka. Na ikishashuka hairudi yenyewe. Binti yangu ilibidi akatwe kinyama kwenye kaakaa, kikashonewe pale chini. Wiki nzima alikula uji na matoke yaliyopondwa.

Simtishi mtu. Wako wengi wenye fizi nyembamba waliovaa waya na wakamaliza salama, kwa sababu daktari alijua mapema akapanga kazi yake: nguvu ndogo, jino lisisukumwe nje kupita mfupa wake, ukoga usafishwe kila mara, na wengine fizi huongezwa nyama kabla ya waya. Mwenye fizi nene naye asijisahau; yake ikishikwa na ukoga huvimba na kutoa damu.

Wala si jambo la pembeni. Wataalamu wa fizi wa Marekani na Ulaya walikutana Chicago mwaka 2017, wakapendekeza unene wa fizi, upana wa ile sehemu yake ngumu na umbo la mfupa vitazamwe pamoja kwa kila mgonjwa. Kinachoniuma ni kwamba karatasi niliyotia sahihi siku ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza, zimejaa malipo na faini ya kukosa miadi. Fizi haikutajwa hata mara moja. Hapa mpakani lori halivuki mpaka karatasi za mzigo zikaguliwe. Mdomo wa mtoto wangu ulivushwa hivihivi.

Madaktari, nawaomba: kabla ya kugandisha kibati cha kwanza, andikeni kwenye kadi fizi ya meno ya chini ikoje, nene au nyembamba, na mumweleze mzazi kwa lugha anayoielewa. Mzazi nawe, usione haya kuuliza.

Mdogo wake binti yangu atafungwa waya likizo ya Desemba. Juzi nilimpeleka, nikaomba waanze na kijiti. Kwenye meno mawili ya chini kilionekana. Daktari ameandika hivyo kwenye kadi, na amesema atatafuta kwanza nafasi ya meno hayo kabla ya kuyanyoosha.

Mzazi,
Malaba, Uganda