Kadi zako: zipi uuze moja moja, zipi uuze kwa fungu

Kaka Salum,

Mambo vipi, meseji yako nimeipata pamoja na picha za yale maboksi ya kadi za wachezaji, zile zenye picha ya mchezaji ambazo watu hukusanya, na nimefurahi sana kuona hujamkubalia yule jamaa anayetaka kubeba zote kwa bei moja. Mwambie asubiri. Umeniuliza uuze moja moja au uzikusanye zote uziuze kwa mkupuo, mimi nasema fanya vyote viwili, ila kwanza lazima uchambue, na hapo kwenye kuchambua ndipo hela yako ilipojificha.

Anza na miaka. Geuza kadi uangalie takwimu za mchezaji huko nyuma, kwa besiboli mwaka wa mwisho ulioandikwa ukiongeza mmoja mara nyingi unapata mwaka wa kadi. Zote za mwisho wa miaka ya 80 hadi mwanzoni mwa 90 weka upande wake, na usije ukadanganywa na umri wake kwamba zina zaidi ya miaka thelathini basi ni mali. Kipindi kile makampuni yalichapisha kupita kiasi na watu wakazinunua kwa kuzihifadhi wakiamini zitawatajirisha, kwa hiyo ziko tele mpaka leo, tena safi. Sasa linganisha na zile kadi za besiboli za 1952 za kampuni ya Topps, zilidoda ghalani mpaka Sy Berger wa Topps mwenyewe akasimulia kwamba mwaka 1960 walizipakia kwenye tishari la mizigo wakaenda kuzitosa baharini! Ndio maana kadi ya 1952 ya yule nyota wa besiboli Mickey Mantle, namba 311, ikiwa kwenye hali nzuri sana iliuzwa mnadani dola milioni 12.6 mwaka 2022. Siyo kwamba wewe unayo hiyo, nataka tu uone kwamba bei inaletwa na uchache na hali ya kadi, umri peke yake hauleti kitu.

Ukishatenga miaka, chukua kila kadi unayodhani ina jina, yaani wachezaji wakubwa, kadi za ruki (za mwaka wa kwanza wa mchezaji), zenye sahihi, zenye namba ya toleo iliyopigwa chapa, uitafute kwenye eBay, ule mtandao wa kuuza na kunadi vitu, ila uchuje uone zile zilizokwisha kuuzwa tu. Hapo usifanye haraka kaka, kwa sababu bei ambayo muuzaji ameiweka ni matumaini yake tu, kadi inaweza kukaa mwaka mzima na bei hiyo hiyo, unachotaka kujua ni mtu alitoa shilingi ngapi kweli.

Halafu piga hesabu. Mtandao unakata asilimia, tena wanaikata kwenye jumla yote pamoja na hela ya posta, na juu yake kuna kiasi kidogo kisichobadilika kwa kila oda hata kama umeuza kitu cha bei chee. Ongeza kifuko, kasha gumu, bahasha, stempu, na muda wako wa kupiga picha mbele na nyuma, kuandika maelezo, kujibu maswali, kufunga, kupeleka posta. Kadi ambayo ikishalipia hayo yote haibakizi kitu cha maana, hiyo usiiuze peke yake, iende kwenye fungu. Ila kuna zinazokwepa hii hesabu, kadi za kawaida za miaka ya 50 na 60, hata kama mchezaji hakuna anayemkumbuka, kwa sababu kuna watu wanajaza seti, yaani kadi zote za toleo moja, na wamebakiza namba moja au mbili, mtu wa namna hiyo hanunui fungu, anataka namba yake tu na atailipia.

Sasa mafungu. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kumwaga kila kitu pamoja, besiboli, basketi, mpira wa miguu, miaka yote, halafu anaandika kadi 500. Fungu la hivyo ananunua mchuuzi tu, na mchuuzi lazima akulipe kidogo maana kazi ya kuchambua unamwachia yeye. Fungu liwe na mtu wake. Weka timu moja, au mchezaji mmoja kwa miaka yake yote, au mwaka mmoja wa kampuni moja, shabiki wa timu ile akiliona anajua kila kadi humo inamhusu. Na kabla hujazitawanya zile Topps za besiboli angalia kama seti imetimia, kuanzia 1982 mpaka 1992 kila mwaka ilikuwa kadi 792, seti nzima inauzika kirahisi kuliko vipande vyake. Zipige picha zote zimetandazwa, siyo tano nzuri za juu, sema kuna marudio mangapi, na ukishatoa zile nzuri usithubutu kuandika kwamba fungu halijachambuliwa. Huo ni wizi kabisa, na mnunuzi akigundua hatarudi kwako.

Kuhusu kuzipeleka PSA au SGC, yale makampuni ya kukagua kadi, wakazipe gredi ya 1 mpaka 10, usikimbilie, kila kadi inalipiwa na inachukua muda. Ipeleke ile tu ambayo tofauti ya bei inalipa. Kabla ya hapo ikague mwenyewe, ishike kwa kingo chini ya taa uiinamishe polepole mpaka mwanga uteleze juu yake, mikwaruzo ambayo ukitazama moja kwa moja huioni itajitokeza yenyewe, halafu angalia pembe nne kama zina weupe, na fremu kama kushoto na kulia ziko sawa. Ukiona kasoro iandike kwenye maelezo na uipige picha kwa karibu. Kadi yenye kasoro iliyosemwa inauzika vizuri tu, isiyosemwa inarudishwa na posta unalipa wewe.

Kadi nzuri ambayo bei yake inajulikana weka bei yako utulie, mnada uuachie zile zinazogombewa na watu wengi, maana mnada ukipata mtu mmoja tu umeumia.

Kwenye kufunga, kadi iingie kifuko laini kwanza, kisha kasha gumu, mdomo wa kasha uzibe kwa ule utepe wa karatasi wa mafundi rangi siyo selotepu, na ncha ya utepe ikunje kidogo ili mtu aubandue bila kutumia kisu. Kisha vipande viwili vya boksi huku na huku. Fungu usilifunge kwa rababendi, inakata kingo za zile za pembeni.

Basi nitumie picha za zote zinazoonekana ni za kabla ya 1970, mbele na nyuma, tuanze na hizo, hayo maboksi ya miaka ya 80 yaache yalivyo mpaka tupange timu kwa timu. Na huyo jamaa mjibu kwamba bado hujaamua.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Rafiki yako,
Hamisi