Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu walimu wanachama,

Semina za kila muhula, rambirambi kwa wenzetu waliofiwa na hafla ya kuwaaga wastaafu, yote yamefanyika na mnayafahamu. Sitayarudia.

Nizungumzie uamuzi wa Kamati yetu wa kutopendekeza vijitabu vya mazoezi ya Sayansi Darasa la III, ambao umezua maneno mengi, hadi ikasemwa nina ugomvi na mchapishaji wa vijitabu hivyo. Sina. Mtaala ulioboreshwa wa Tanzania ulipoanza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la I na la III, sokoni vilijaa vijitabu vyenye jalada la "mtaala mpya". Mtu alipaswa kuvipima, na jedwali la kupimia nililiandaa mwenyewe kwa kufuata muhtasari wa somo: umahiri mahususi (uwezo ambao mwanafunzi anatakiwa kuuonesha), shughuli za ujifunzaji, vigezo vya upimaji. Kila mjumbe alipima peke yake kwanza, ndipo tukalinganisha alama.

Katika kijitabu mada zote zimo, na umahiri umetajwa juu ya kila sura. Wengi mliishia hapo. Muhtasari unataka mwanafunzi afanye uchunguzi na majaribio. Kijitabu, chini ya kichwa hichohicho, kinasema: "Taja vifaa vinne vya jaribio", halafu "Jaza nafasi zilizo wazi". Mtoto anaweza kupata yote bila kugusa hata glasi ya maji! Kati ya mazoezi 86, yanayomtaka atende jambo ni 19 tu. Hayo mengine yanapima kukariri, hata yakiandikiwa umahiri gani.

Mmeuliza sisi ni nani, wakati ithibati, yaani idhini rasmi ya kitabu kutumika shuleni, hutolewa na mamlaka za serikali. Ni kweli, nasi hatukutoa wala kunyima ithibati. Tuliwashauri wanachama kabla wazazi hawajachangishwa kuvinunua. Kuhusu punguzo la bei na mchango ambao mchapishaji aliahidi kwa mfuko wetu, vyote viwili nilivikataa mimi. Hatuwezi kupima kazi ya mtu huku tunakula fedha yake, na nikiwa kwenye kiti hiki sitabadili msimamo huo.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Kikao cha kulinganisha alama kilitangazwa kwa barua na kwenye kundi la WhatsApp, tukafika watu 9. Waliopinga kwa sauti kubwa hawakuwepo hata mmoja.

Fedha: wanachama 64, waliolipa ada ya shilingi 20,000 ni 27, makusanyo 540,000, matumizi 488,000, salio 52,000, ada isiyolipwa 740,000. Kudurufu majedwali nimegharamia kutoka mfukoni mwangu.

Mwaka 2025 mtaala unaingia Darasa la II na la IV. Tunatarajia kupima nyenzo za Hisabati na Kiswahili, hali ikiruhusu, na Mungu akijalia tuwe na kabati la nyenzo zilizopimwa ambazo kila mwalimu ataweza kuazima. Wenye madeni, tafadhali mwoneni Mweka Hazina kabla hatujatoka ukumbini.

Mwenyekiti