Anza na choo

Ngamiani, Tanga

Somo yangu mpendwa,

Assalam alaykum. Tangu uniambie shemeji kaanguka mnazini akiangua nazi, na kwamba miguu haitarudi, usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Pole, somo yangu. Pole sana. Uliniuliza habari ya kutengeneza nyumba nikashindwa kukujibu kwenye simu, maana machozi yalishanikaba. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulisema fundi ameshapima ngazi za barazani ajenge mteremko. Mwambie asubiri. Anza na choo.

Mama alipopata kiharusi, sisi tulikimbilia mteremko wa mbele, kwa kuwa ndio wanaouona wanaokuja kumjulia hali. Choo tukakiacha vilevile: kiko uani, cha kuchuchumaa, mlango wa sentimita 60, na kizingiti cha kuzuia maji. Mama akawa anamsubiri kaka arudi kazini ambebe. Mchana kutwa hanywi kitu. Nikidhani maradhi yamemtoa kiu, hadi siku nilipompa chai akakisukuma kikombe, akasema polepole, "Nikinywa nitawasumbua." Aliyenizaa alikuwa anajinyima maji ndani ya nyumba yake mwenyewe! Jioni ile ile nilimfuata fundi.

Lakini kabla hata ya choo, kiti. Usipokee kiti mwendo chochote kinachopatikana. Shemeji apimwe, na kiwe na mto wake maalumu, kwa sababu hahisi chini ya kiuno. Vidonda vya makalio vitaanza na yeye asijue. Kuna mafundi waliosomea kazi hii Moshi, pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilicho kwenye hospitali ya KCMC. Ulizia hospitalini kama yupo mmoja wao. Ukishaujua upana wa kiti ndipo upime mlango. Uwazi wa sentimita 80 unampitisha bila kuchubuka vidole, 90 ni raha zaidi. Na mlango wa choo ufungukie nje. Akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio utakaokuzuia kuingia kumwokoa.

Sisi tuliweka sinki la kukalia, tukaliinua kwa zege hadi likalingana na kiti chake. Shida ikawa bomba la kushikia. Ukuta wetu unaujua, miti na udongo, plasta ni ya juu tu. Fundi akalifunga humo humo, na mara ya kwanza mama kulishika liling'oka na bonge la ukuta. Alhamdulillah nilikuwa nyuma yake. Baadaye tukalichimbia sakafuni kwa zege, likapanda na kukunja kona kama mpini wa mwavuli, na halijatikisika mpaka leo. Shemeji mikono yake yote miwili ni mizima, kwa hiyo atataka nafasi ya kuegesha kiti ubavuni mwa sinki ajihamishe mwenyewe. Nafasi hiyo usimbane hata kidogo. Ndoo na kopo viwe mahali mkono unapofika. Maji ya moto yapimwe kwa mkono kwanza, kwani miguu yake itaungua bila yeye kusikia.

Mteremko nao una hesabu yake: kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele. Baraza letu lina ngazi tatu, jumla sentimita 45, kwa hiyo ni mita 5 na sentimita 40. Fundi wa kwanza alitujengea mita 2, eti mtaro uko karibu. Kaka akamsukuma mama, walipofika katikati kiti kikamrudia kifuani. Tukavunja. Wa pili tuliukunja kona, hapo kwenye kona tukaacha pa tambarare mita 1 na nusu, pa kupumulia na kugeuzia. Usikubali wasugue niru juu yake. Zege likiwa bichi lipigwe fagio, magurudumu yasiteleze mvua ikinyesha.

Najua nyinyi mmepanga, na mwenye nyumba hapendi kuvunjiwa. Basi seremala akutengenezee kiti cha mbao chenye tundu, miguu yake mipana, kikae juu ya shimo la choo. Hicho hakibomoi kitu, na shemeji atakikuta tayari siku anayoruhusiwa. Mteremko pia unaweza kuwa wa mbao, mkihama mnahama nao. Kizingiti tu ndicho utakachomwombea mwenye nyumba ruhusa.

Na umuulize shemeji mwenyewe, sasa hivi, akiwa bado wodini. Swichi ya taa aitakayo iwe wapi, nguo zitundikwe usawa gani, kitanda kiwe upande upi. Sisi tulimpangia mama kila kitu, na alichokitamani kuliko vyote hatukukijua mpaka mwaka wa pili: dirisha lake lishushwe, aone wapitao njiani hali ameketi.

Kaka anajua kuchomelea na amekubali kuja Pangani. Nipimie uwazi wa mlango wa choo, ukuta kwa ukuta ndani, na urefu wa kiti kutoka chini hadi anapokalia. Nitumie vipimo kabla ya Alhamisi, ili apande basi na mabomba yaliyokwisha kukatwa.

Mama anawasalimu. Mbusie watoto.

Ni mimi,
Somo yako