Barua kutoka Kondele: simu ya shemeji

Kondele, Kisumu

Ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka mpaka jirani yangu wa duka la viatu akachungulia. Hayo yanayokusumbua unapojaribu kuiwekea simu ya shemeji mfumo upya kwa kompyuta, yote yamenipata.

Unasema simu "imekataa tu". Simu haikatai tu. SP Flash Tool, hiyo programu ya kompyuta ya kuwekea mfumo simu za chipu ya MediaTek, hukuandikia namba ya kosa, nawe unafunga dirisha kwa hasira kabla hujaisoma. Bahati nzuri hii moja uliikumbuka: 4032. Maana yake kompyuta imeshindwa kuamsha memori ya simu. Chaji betri kwanza, lakini mimi nashuku faimuwea yenyewe, yaani faili za mfumo unazoweka. Simu mbili zenye jina moja kwenye kasha zaweza kuwa na bodi tofauti ndani, na preloader ya hii, ile programu ndogo inayoanza kuiamsha simu, haifai ile. Kama betri inatoka, itoe usome kibandiko kilicho chini yake, herufi kwa herufi, ndipo utafute faili.

Halafu kule kutoonekana kwa simu kwenye kompyuta. Izime kabisa, fungua Device Manager, orodha ya vifaa kwenye Windows, bonyeza kitufe cha kupunguza sauti huku ukichomeka kebo. Neno MediaTek litatokea sekunde mbili tatu kisha lipotee. Likija na alama ya njano, draiva, programu ya kuitambulisha simu kwa kompyuta, haijakaa. Lisipotokea kabisa, badilisha kebo. Hizi kebo za bei ya chini zinazouzwa stendi, nyingi zinachaji tu, nyaya za data hazimo. Nilimaliza Jumamosi nzima nikiweka Windows upya kwa sababu ya kebo, na mpaka leo sijamwambia mke wangu.

Sasa nisikilize vizuri. Mwaka jana mama mmoja muuza omena aliniletea simu iliyokwama kwenye nembo. Download Only, njia ya kuandika faili bila kufuta simu nzima, ikagoma, ikanitajia PMT, yaani ramani ya migao ya memori hailingani na ya faili, nami kwa haraka nikachagua Format All, inayofuta kila kitu. Mstari mwekundu ukapita, wa njano ukapita, alama ya kijani ikatokea. Nikapiga mluzi. Simu ikawaka, nikatia laini: mtandao hakuna. Nikabonyeza *#06#, pa IMEI, namba ya utambulisho wa simu, pakawa patupu. Nilikuwa nimefuta NVRAM, pale IMEI zinapokaa pamoja na vipimo vya redio.

Mama alisimama mlangoni na karai lake, akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, wateja watanitumia pesa wapi?" Nilimpa simu yangu siku nne, hadi kasha la yake lilipoletwa kutoka Bondo, nikazirudisha IMEI zake zilezile zilizoandikwa pale. Pesa ya kazi sikuthubutu kutaja.

Kwa hiyo ukiona PMT, uliza kwanza kama faili ni ya simu hiyo. Na kabla ya lolote, soma NVRAM kwa Readback, sehemu ya programu hiyo inayonakili kutoka kwenye simu, uihifadhi kwenye kompyuta, kama simu itakubali. Ikidai faili ya idhini, iache. Chipu hiyo imefungwa, usihangaike na vijana wanaokuuzia ujanja.

Nitumie kwa WhatsApp picha ya kibandiko na ya skrini yenye namba. Usiguse kitu hadi nijibu. Na shemeji usimwahidi kwamba zile picha za harusi zilizomo kwenye simu zitapona.

Nduguyo wa Kondele