Barua ya wazi kwa dada yangu: kigugumizi cha mwanao hukukileta wewe

Dada yangu mpenzi,

Nimeisikiliza mara nne ile rekodi uliyonitumia juzi usiku. Mpwa wangu anaomba uji, na neno la kwanza linamkwama: "Ni-ni-ni-ni-nataka uji, mama." Nyuma yake nikakusikia wewe ukishusha pumzi. Pumzi ile ndiyo iliyonifanya nikuandikie, na naandika hadharani kwa ridhaa yako, kwa kuwa wapo akina mama wengi wanaoambiwa hayohayo uliyoambiwa: kwamba ulimtekenya mno alipokuwa mchanga, kwamba unamkaripia, kwamba ulirudi kazini mapema. Mimi nimeishi na kigugumizi kwa zaidi ya miaka 40, na marehemu mama yetu alibebeshwa mzigo huohuo, akaubeba hadi siku yake ya mwisho. Sitaki uurithi.

Yupo mtafiti mmoja ambaye kazi yake ya miaka mingi ndiyo inayonipa ujasiri wa kukwambia haya. Ehud Yairi alikulia Israel akiwa na kigugumizi kizito, kisha akaenda Marekani kusomea jambo lililomtesa mwenyewe, katika Chuo Kikuu cha Iowa. Chuo hicho kilikuwa kitovu cha utafiti wa kigugumizi, na mawazo yaliyotawala pale yalikuwa ya Wendell Johnson, profesa aliyefariki mwaka 1965, ambaye naye alikuwa na kigugumizi. Johnson alifundisha kwamba watoto wote hurudiarudia maneno wanapojifunza kusema, na kwamba tatizo huanza pale mzazi mwenye wasiwasi anaposikia marudio hayo ya kawaida na kuyaita kigugumizi. Mtoto huingiwa na hofu ya kusema, na hofu hiyo ndiyo inayomfunga ulimi. Yaani kosa lilikuwa katika sikio la mzazi. Kwa miongo kadhaa wazazi walionywa wasilitaje hata neno lenyewe mbele ya mtoto, na nyumba nyingi zikakaa kimya huku mtoto akihangaika peke yake na jambo ambalo kila mtu alilisikia.

Nadharia hiyo ina kurasa zake za giza. Mwaka 1939 mwanafunzi wa Johnson, Mary Tudor, alifanya jaribio kwa watoto 22 wa kituo cha yatima mjini Davenport, na baadhi ya wale waliokuwa wakisema vizuri wakaambiwa kwamba dalili za kigugumizi zimewaanza. Wakawa na haya, wakapunguza kuzungumza. Umma ulikuja kulifahamu jambo hilo kwa mapana mwaka 2001, chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa fidia ya dola 925,000. Mwaka 2002 Yairi na mwenzake Nicoline Ambrose walizipitia upya takwimu za jaribio lile, wakaonyesha kwamba hazithibitishi kuwa kuna mtoto aliyetiwa kigugumizi kwa kuambiwa anacho. Watoto wale waliumizwa kweli, dada, lakini hata ukatili wa namna ile haukuweza kuzalisha kile ambacho majirani wanadai wewe umekizalisha kwa kumtekenya.

Kazi kubwa ya Yairi ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Illinois, na thamani yake, kwa maoni yangu, iko katika subira. Watafiti wengi waliomtangulia waliwategemea wazazi wakumbuke mambo yaliyopita miaka kadhaa nyuma. Yeye aliwatafuta watoto wadogo mapema, kigugumizi kikiwa bado kichanga, akarekodi usemi wao, akahesabu silabi moja baada ya nyingine, kisha akawaita tena na tena kwa miaka. Kwa watoto wengi kigugumizi huanza kati ya umri wa miaka 2 na 4, na si wachache ambao huanza ghafla, ndani ya siku chache, kama ulivyonieleza kuhusu mwanao. Mwaka 1999 Yairi na Ambrose walichapisha matokeo ya watoto 84 waliofuatiliwa kwa angalau miaka minne: asilimia 74 walikuwa wameachana na kigugumizi, na asilimia 26 walibaki nacho.

Nimekaa na namba hiyo ya pili kwa muda mrefu, kwa kuwa mimi nimo ndani yake. Nilipokuwa darasa la nne mwalimu mmoja alinisimamisha nisome ukurasa mzima kwa sauti, nikakwama kwenye neno "baba" mpaka kengele ikalia. Sikukwambia wakati ule.

Ndiyo maana sikwambii "atapona tu, ngoja," ingawa namba ya kwanza inashawishi. Kundi hilohilo la watafiti lilionyesha kwamba kigugumizi hufuata damu, na kwamba mtoto mwenye ndugu ambaye kigugumizi chake hakikuondoka ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki nacho. Tena wasichana hupona zaidi kuliko wavulana. Mwanao ni mvulana, na mjomba wake ni mimi. Kama kuna kitu cha ukoo kilichomfikia, kimepitia damu yetu sote wawili, na hakuna aliyekichagua.

Jana nilikaa na rekodi yako na karatasi. Watafiti wa Illinois walitenganisha kusita kwa kawaida, kama vile kusema "aaa" au kurekebisha sentensi, na yale yanayofanana na kigugumizi: kurudia kipande cha neno, kurudia neno la silabi moja, kuvuta sauti au kukwama kabisa. Yakifika matatu au zaidi katika kila silabi 100, ni vyema kuyaangalia kwa makini. Kiswahili kinarahisisha hesabu, kwa kuwa karibu kila irabu inakuonyesha silabi yake. Nilipata tisa. Mimi si tabibu, na rekodi ya dakika mbili haitoshi kutoa hukumu, lakini inatosha kumtafuta mtaalamu wa tiba ya usemi sasa, kabla hajaanza shule.

Na tiba ipo. Kule Sydney, Australia, Mark Onslow na wenzake waliunda mpango unaoitwa Lidcombe, ambao mzazi mwenyewe ndiye anayeutekeleza nyumbani akiongozwa na mtaalamu: kila siku kwa muda mfupi anazungumza na mtoto, anamsifu anapotamka bila kukwama, mara chache anamgusia kwa upole pale alipokwama, na anaandika alama ya ukali wa siku hiyo. Katika utafiti uliofanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2005, baada ya miezi tisa watoto waliopata tiba hiyo walikuwa wakikwama kwenye asilimia 1.5 ya silabi kwa wastani, na wale ambao hawakuipata asilimia 3.9. Uholanzi nako, mwaka 2015, mpango huo ulilinganishwa na njia nyingine inayopunguza shinikizo la mazungumzo nyumbani, na kila moja ilifikisha zaidi ya asilimia 70 ya watoto kwenye usemi usio na kigugumizi baada ya miezi 18. Sikio lile la mzazi lililolaumiwa kule Iowa ndilo linalotumika hapa kutibu. Usianze peke yako kabla ya kuonyeshwa, kwani sifa zikizidi au zikitolewa vibaya zinaweza kumchosha mtoto.

Kwa sasa nakuomba mambo mawili. Andika tarehe ambayo ulimsikia akikwama kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mtaalamu atakuuliza. Na Ijumaa nikipiga simu, mpe azungumze nami. Akikwama kwenye "mjomba", usimmalizie. Mwache alimalize mwenyewe, nami nitakuwa nasubiri.

Kaka yako